Ukadhi Hauingii Katika Mirathi

Sehemu kubwa ya kazi ya kadhi katika mwambao wa Kenya ni kugawa mali ya marehemu. Kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi hutazamwa: mke hupata thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, kila mzazi sudusi, mtoto wa kiume mafungu mawili kwa moja la binti. Nyumba, shamba la minazi, jahazi, vitabu, hata fedha ambazo marehemu alikuwa akimdai jirani, vyote huingia katika hesabu. Kisichoingia ni kazi ambayo marehemu alikuwa akiwafanyia watu. Kadhi mwenyewe akifa, watoto wake hugawana kila alichokimiliki, na kiti alichokikalia hurudi kwa aliyempa. Hata hivyo, katika mji wa Mombasa kiti hicho kimekaliwa mara kwa mara, kwa zaidi ya karne moja, na watu wa ukoo mmoja, ukoo wa Mazrui. Ikiwa utumishi wa umma ni amana wala si mali, nyumba moja huushika kizazi baada ya kizazi kwa haki gani?

Qur'ani inaligusa suala la uzao na uongozi mahali pengi, wala haielekei upande mmoja tu. Katika sura ya Baqara, Ibrahimu anafanywa kuwa kiongozi wa watu, na papo hapo anawaombea wazao wake. Jibu analopewa ni kwamba ahadi hiyo haiwafikii madhalimu. Ombi halikukataliwa, kwa kuwa manabii wengi walitoka katika uzao wake. Wala halikukubaliwa lote, kwa kuwa uzao pekee haukutosha. Katika sura ya Hud, Nuhu anamlilia mwanawe aliyezama, akisema ni katika ahali zake, naye anaambiwa kuwa mtoto yule si katika ahali zake, kwa ajili ya mwenendo wake. Upande wa pili yupo Zakaria, mzee asiye na mtoto, anayeomba apewe wa kumrithi. Yupo na Sulaimani anayemrithi Daudi. Wanazuoni wengi wa Kisunni wameufasiri urithi huo kuwa ni wa elimu na unabii, wala si wa mali wala wa enzi kwa sababu ya damu. Mashia wamezisoma aya hizo kwa namna nyingine, na kwao uimamu wenyewe umefungamana na nyumba ya Mtume. Mwambao wa Afrika Mashariki, ulio wa madhehebu ya Shafi kwa wingi wake, umefuata ufasiri wa kwanza.

Aliyelipanga jambo hili kisheria kwa uwazi zaidi ni al-Mawardi, mwanachuoni wa Kishafi wa Iraki aliyefariki mwaka 1058, naye mwenyewe alikuwa kadhi. Katika kitabu chake cha hukumu za utawala, al-Ahkam al-Sultaniyya, anazihesabu sifa za khalifa, na ya mwisho kati ya hizo ni kuwa mtu wa kabila la Kuraishi. Nasaba, basi, ina nafasi yake kwenye kilele cha utawala. Afikapo kwa kadhi, anazihesabu sifa upya: awe mwanamume aliyebaleghe, mwenye akili timamu, huru, Mwislamu, mwadilifu, mwenye kusikia na kuona, na mjuzi wa hukumu za sharia. Nasaba haimo. Mtu mmoja, ndani ya kitabu kimoja, aliyeona damu inafaa kuwa sharti la kutawala hakuiona inafaa kuwa sharti la kuhukumu. Ni tofauti ya maana kuliko inavyoonekana kwa haraka. Mtawala huhitaji watu wakubaliane juu yake, na ukoo mashuhuri husaidia kuleta makubaliano hayo; kadhi huhitaji kuijua kesi iliyo mbele yake na hukumu inayoihusu, na hapo jina la babu halisaidii kitu.

Biblia nayo ina mpaka unaofanana na huo. Ukuhani wa Haruni ulikuwa wa damu, ukipita kwa wanawe na wana wao. Uongozi wa Musa haukupita hivyo: alikuwa na wana, lakini aliyeshika nafasi yake ni Yoshua mwana wa Nuni. Samweli, aliyekuwa mwamuzi, alijaribu kuuvuka mpaka huo uzeeni kwa kuwaweka wanawe Yoeli na Abiya kuwa waamuzi huko Beer-sheba. Walipokea rushwa na kupotosha hukumu, na wazee wa Israeli wakamwendea Samweli kudai mfalme. Msomaji wa kitabu hicho hawezi kukosa kuona kwamba Samweli mwenyewe alilelewa hekaluni na Eli, kuhani ambaye wanawe Hofni na Finehasi waliharibika huku yatima wa hiari aliyeletwa na mama yake akisikia alichofundishwa. Malezi yaliyowashinda watoto wa nyumbani yalimfaa mtoto wa mtu mwingine.

Ukoo wa Mazrui unafaa kuchunguzwa kwa sababu umeshika madaraka ya Mombasa kwa njia zote mbili, kwanza kwa damu, kisha kwa elimu. Waomani waliiteka Ngome ya Yesu kutoka kwa Wareno mwaka 1698, na katika miaka ya 1730 Muhammad bin Uthman al-Mazrui aliwekwa kuwa liwali wa mji kwa niaba ya maimamu wa Kiyaarubi. Enzi ya Oman ilipohamia kwa Wabusaidi katika miaka ya 1740, liwali huyo hakukubali kumtii bwana mpya. Aliuawa ngomeni mwaka 1746 na watu waliotumwa kutoka Oman, lakini nduguye Ali bin Uthman akairudisha ngome mikononi mwa jamaa zake. Tangu hapo uliwali ukaacha kuwa kazi ya kutumwa, ukawa enzi ya nyumba: akifa ndugu, hufuata ndugu au mtoto wa ndugu. Hawakutawala peke yao. Mji ulikuwa na Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya wenyeji, Tisa Taifa na Thelatha Taifa kwa pamoja, yenye masheikh na tamimu wao, na hakuna Mmazrui aliyekaa ngomeni kwa raha bila ridhaa yao. Nguvu ya ukoo huo ilifika Pemba, na kwa muda ikaitisha Lamu, mpaka iliposhindwa kwenye vita vya Shela mwanzoni mwa miaka ya 1810.

Kilichouangusha uliwali huo kilikuwa ndani ya utaratibu wake. Liwali Salim bin Ahmad alipofariki mwaka 1835, hapakuwa na kanuni ya kumpata wa kumfuata isipokuwa nasaba, na wenye nasaba walikuwa wengi. Jamaa wakagombana, baadhi ya wakubwa wa mji wakachoka na ugomvi wao wakamwita mtawala wa Kibusaidi, Seyyid Said bin Sultan, na mwaka 1837 ngome ikawa yake bila vita vikubwa. Wakuu kadhaa wa Kimazrui walikamatwa na kupelekwa uhamishoni Ghuba ya Uajemi, wasirudi. Waliobaki walijikusanya Gasi, kusini mwa Mombasa, na Takaungu, kaskazini. Kisa hicho kikajirudia karibu miaka sitini baadaye. Liwali wa Takaungu alifariki mwaka 1895, Waingereza wakamkubali mrithi mmoja na kumwacha mwingine aliyejiona na haki zaidi, na kutoka katika mzozo huo ikazuka vita iliyomwingiza Mbaruk bin Rashid wa Gasi, mpaka akavuka mpaka mwaka 1896 na kujisalimisha kwa Wajerumani. Mara mbili uongozi ulioegemea uzao ulivunjika palepale mtu mmoja alipokufa na wawili kudai kuwa yeye.

Habari ya upande wa pili wa ukoo inaanzia katika anguko lilelile la 1837. Abdallah bin Nafi al-Mazrui alihamia Makka pamoja na mwanawe Ali, aliyezaliwa mwaka 1825. Kijana huyo akasoma huko kwa masheikh wa Kishafi, akauacha Uibadhi uliokuwa madhehebu ya wazee wake, na aliporudi Mombasa akashika ukadhi chini ya masultani wa Kibusaidi, watu walewale waliowapokonya jamaa zake ngome. Jina la Mazrui halikuwa la kumsaidia mbele ya masultani hao. Lilikuwa la kumtilia shaka. Lililompa kazi ni fikihi aliyorudi nayo. Wala hakuilinda kazi hiyo kwa kunyamaza. Alizisema hadharani tofauti zake na Maibadhi, Sultani Barghash akamfunga, na akatoka kifungoni mwaka 1888 baada ya Barghash kufariki. Mtu aliyepata wadhifa wake kwa elimu alikuwa tayari kuupoteza kwa ajili ya elimu hiyo hiyo, na hapa pana tofauti ya kina na uliwali wa ngomeni. Aliyerithi cheo hana kitu kingine cha kutetea isipokuwa cheo.

Sheikh Ali alifariki mwaka 1894, akamwacha mwanawe al-Amin, aliyezaliwa mwaka 1891, akiwa mtoto mdogo sana. Hapa mnyororo wa baba na mtoto umekatika, na kama utumishi ungekuwa unasafiri kwa damu peke yake habari ingeishia hapo au ingesubiri bahati. Mtoto alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali al-Mazrui, aliyekuwa kadhi na baadaye Kadhi Mkuu. Kisha akatafuta elimu Unguja, kwa wanachuoni ambao si wa ukoo wake hata kidogo, wakiwemo Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Akawa kadhi wa Mombasa mwaka 1932 na Kadhi Mkuu mwaka 1937, akabaki katika wadhifa huo mpaka alipofariki mwaka 1947. Alipokabidhiwa ukadhi wa Mombasa, baba yake alikuwa kaburini kwa miaka 38.

Unguja kuna mfano wa karibu zaidi wa baba na mwana. Ahmad bin Sumait, mwana wa nahodha wa Kihadhrami, alizaliwa Ngazija mwaka 1861, akashika ukadhi wa Unguja mpaka kufariki kwake mwaka 1925. Mwanawe Umar naye akafika kuwa Kadhi Mkuu wa Unguja. Lakini hakupokea ukadhi siku ya mazishi ya baba yake. Kati ya wawili hao kuna miaka mingi ya kusoma, kusafiri na kufundisha. Muda huo wa katikati ndio unaoutofautisha urithi wa aina hii na ule wa kifalme. Katika nyumba ya mfalme, siku ya kwanza bila mfalme ni siku ya hatari. Katika nyumba ya wanachuoni kiti kinaweza kwenda kwa mwingine, mtoto akaendelea na kitabu chake, na asiwe amedhulumiwa.

Ibn Khaldun alilieleza jambo la vizazi kwa ukali usiosahaulika. Katika Muqaddima anasema kwamba hadhi ya nyumba, kwa kawaida, haizidi vizazi vinne. Mjenzi anajua alivyoijenga. Mwanawe alimwona baba akijenga, kwa hiyo anajua kwa kusikia na kuona. Mjukuu anaiga tu. Kitukuu anadhani hadhi hiyo ni haki aliyozaliwa nayo, anawadharau watu, na nyumba inaporomoka. Aliyeandika hivyo alikuwa na sababu ya kulifikiria: ukoo wake ulikuwa wa watu wa madaraka huko Seville kabla ya kuhamia Tunis, baba yake aliacha siasa akajishughulisha na elimu, na yeye mwenyewe alikuwa kadhi wa Kimaliki mjini Kairo tangu mwaka 1384, akiondolewa na kurudishwa mara kadhaa mpaka alipofariki mwaka 1406.

Maliwali wa Kimazrui wanaingia katika kanuni hiyo bila shida: karne moja hivi, kisha ugomvi na mwisho. Makadhi wa ukoo huohuo hawaingii vizuri, kwani kutoka kwa Sheikh Ali mpaka Sheikh Hammad Mohammed Kassim Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwanzoni mwa karne hii, ni zaidi ya miaka mia moja na vizazi visivyopungua vinne. Huenda sababu ni kwamba katika elimu hapana kitukuu wa kweli. Kila anayetaka kuhukumu lazima aanze kwa alifu kama mjenzi wa kwanza, ahifadhi, asome nahau, asome fikihi mlango kwa mlango, apewe ijaza na sheikh ambaye jina lake litatajwa na litaulizwa. Mlolongo wa masheikh una daraja juu ya mlolongo wa mababu, na mtu anaweza kuwa na wa pili bila wa kwanza.

Maelezo hayo, hata hivyo, yasikubaliwe upesi. Mtu mkali anaweza kusema kwamba elimu nayo ni mali iliyofichwa, na kwamba nyumba za wanachuoni huruhusu ushindani ambao wameshaushinda kabla haujaanza. Mtoto wa kadhi hukua akisikia kesi zikizungumzwa barazani baada ya alasiri. Vitabu viko shubakani, vya Kiarabu, vilivyonakiliwa kwa mkono au kuletwa kwa jahazi kwa bei ambayo mvuvi wa Mji wa Kale asingeimudu. Sheikh ni ami yake. Akikosea irabu, hurekebishwa saa ileile. Mtoto wa mvuvi akikosea, huenda asijue kuwa amekosea mpaka awe mtu mzima. Kwa hiyo mlango uko wazi kisheria, na njia ya kuufikia ina ukuta. Nusu ya watoto wa nyumba hizo pia hawakuhesabiwa kabisa: mabinti walisoma, wengine kwa kina, lakini sharti la kwanza la al-Mawardi liliwafungia nje, ingawa yeye mwenyewe anakiri kuwa Abu Hanifa aliona mwanamke anaweza kuhukumu katika mambo ambayo ushahidi wake unakubaliwa, na kwamba Tabari aliruhusu katika mambo yote. Hoja hii ni nzito, na watetezi wa nyumba za kielimu mara nyingi huipita pembeni.

Jibu lenye nguvu zaidi kwa hoja hiyo lilitoka ndani ya nyumba yenyewe, tena kwa vitendo. Sheikh al-Amin, mtu aliyefaidika na kila upendeleo uliotajwa, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuubomoa ukuta huo. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, karatasi ya Kiswahili iliyojadili dini, elimu na hali ya Waislamu wa Mombasa. Mwaka 1932 akatoa al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Makala zake zilikusanywa katika kitabu Uwongozi mwaka 1944. Aliandika vitabu vya kufundishia watoto dini kwa lugha wanayoizungumza nyumbani, wakati ambapo wengi waliamini elimu ya dini isiyo ya Kiarabu si elimu. Aliwahimiza Waislamu wajenge skuli, wasome na elimu za kisasa, na akalaumu gharama za matanga na kuwategemea wafu makaburini. Lawama hiyo ya mwisho iligusa moja kwa moja suala la nasaba, kwa sababu heshima ya baadhi ya makaburi ilitokana na ukoo wa waliozikwa. Lakini mtu huyohuyo aliandika pia kwa Kiarabu tarehe ya maliwali wa Kimazrui, kazi iliyochapishwa pamoja na tafsiri mwaka 1995. Aliijua nasaba yake vizuri na aliithamini. Hakuitumia kuwa hoja ya hukumu.

Waliofuata waliendeleza njia hiyo ya Kiswahili. Mwanafunzi wake Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, Kadhi Mkuu tangu 1963 hadi 1968, aliandika hukumu za sharia kwa Kiswahili, na baadaye akatoa gazeti lake, Sauti ya Haki. Aliyempokea ukadhi mkuu hakuwa Mmazrui wala mtu wa Mombasa. Alikuwa Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, mwanafunzi wa Umar bin Sumait, aliyekamilisha tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili iliyotoka kwa ukamilifu mwaka 1969. Farsy ndiye pia aliyeandika maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, na katika kitabu hicho watu hupangwa kwa walimu na wanafunzi wao zaidi ya kwa baba na watoto. Anayekisoma huona jinsi nyumba chache za Mombasa, Lamu, Unguja na Ngazija zilivyosomeshana watoto, hata ikawa vigumu kusema elimu fulani ni ya ukoo gani.

Jambo jingine linalouweka ukadhi mbali na mirathi ni mkono wa anayeteua. Sultani alimweka kadhi na alimwondoa. Waingereza, walioukodi ukanda wa pwani wa maili kumi kutoka kwa Sultani mwaka 1895, waliziacha mahakama za liwali, kadhi na mudiri zifanye kazi chini ya macho yao. Uliwali chini ya Waingereza nao ulipita kwa baba na mwana: Salim bin Khalfan al-Busaidi alikuwa liwali, na mwanawe Ali bin Salim akafuata. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walikubaliana kwamba ukanda huo uingie Kenya na mahakama za kadhi zidumishwe. Uliwali ukatoweka baada ya uhuru. Ukadhi ukabaki, ukapewa sheria yake mwaka 1967. Cheo kilichokuwa cha heshima ya dola na cha ukoo hakikupata wa kukililia sana. Kile kilichokuwa na kazi mahsusi, ya ndoa, talaka na mirathi za Waislamu, kiliingia hata katika katiba.

Jambo kama hilo lilitokea Tanganyika kwa njia yake. Vyeo vya machifu vilifutwa kwa sheria mwaka 1963. Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe na mjukuu wa Mkwawa aliyepigana na Wajerumani, alikuwa ameshakuwa Spika wa Bunge, akalishika Bunge hilo kwa vipindi viwili mpaka mwaka 1994. Jina la babu lilikuwa kubwa kuliko la mtu yeyote ukumbini, lakini kiti cha Spika kilitoka kwa kura za wabunge. Hakuna ajuaye kwa uhakika jina hilo lilivuta kura ngapi, na hiyo ndiyo shida ya kudumu ya kupima nyumba za utumishi: uteuzi ukiwa wa haki kabisa, bado anayeteua ana masikio.

Limebaki swali linaloulizwa mara chache, la mtoto mwenyewe. Akizaliwa katika nyumba ya makadhi, je, anadaiwa na umma aendeleze? Fikihi ina chombo cha kulijibu. Kushika ukadhi ni fardhi ya kifaya: wakiifanya wanaotosha, wengine wameondokewa na dhambi, wakiiacha wote, wote wana dhambi. Deni ni la umma mzima, wala hakuna ukoo uliotwishwa peke yake. Mji ukiwa na mtu mmoja tu anayeweza, fardhi humgeukia kuwa ya dhati yake, naye hulazimika kukubali, awe mtoto wa kadhi au wa mpagazi. Wakiwapo wengine, anaruhusiwa kukataa, na wapo waliokataa kwa hofu, kwa kuwa Mtume amepokewa akisema kwamba katika makadhi watatu wawili ni wa motoni. Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, husimuliwa kuwa alifungwa na Khalifa al-Mansur kwa kukataa ukadhi. Umar bin al-Khattab alipopigwa kisu mwaka 644 na kuunda baraza la kumchagua khalifa, alimruhusu mwanawe Abdallah ahudhurie na kushauri, akamzuia kuchaguliwa. Aliona inatosha kwa nyumba ya Khattab mtu mmoja kuulizwa mbele ya Mungu juu ya jambo la umma. Kwa maoni hayo wadhifa ni mzigo wa hesabu, na baba mwenye huruma humwepusha mwanawe nao.

Ali al-Amin Mazrui, mwana wa Sheikh al-Amin, aliyezaliwa mwaka 1933, alikusudiwa na baba yake aende al-Azhar. Baba alifariki kijana akiwa na miaka 14, naye akaishia Manchester, Columbia na Oxford, akawa profesa wa siasa Makerere na baadaye Marekani, mpaka alipofariki mwaka 2014. Hakuhukumu mirathi hata moja. Kwa kipimo cha fardhi ya kifaya hakuwa na la kujibu, maana ukadhi haukukosa watu. Wapo watakaosema kwamba aliendeleza kazi ya Sahifa kwa hadhira kubwa zaidi, na wapo watakaosema kwamba aliondoka katika nyumba hiyo kabisa. Kauli zote mbili zinachukulia kwamba alikuwa na kitu cha kuendeleza au kuacha, jambo ambalo sheria haikumdai.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, inataka Kadhi Mkuu na makadhi wengine wasiopungua watatu. Anayefaa ni mtu wa dini ya Kiislamu mwenye ujuzi wa sharia ambao Tume ya Huduma za Mahakama itauona unatosha kuendesha mahakama ya kadhi. Masharti saba ya al-Mawardi yamekuwa mawili kwa maandishi, na uadilifu huchunguzwa kwa taratibu za mahakimu wote. Nafasi hutangazwa, waombaji huitwa kwenye mahojiano, na vyeti vya vyuo vikuu vimekaa mahali palipokuwa pa ijaza. Waombaji hutoka Garissa, Isiolo, Nairobi na Kwale pamoja na Mombasa, wengi wao wakiwa wamesoma Madina, Khartoum au vyuo vya hapa nchini, na mezani mwa tume jina la ukoo huandikwa kwenye fomu mahali palepale panapoandikwa anwani.